Kuunda metali inayong'aa katika programu ya kuhariri picha: mwongozo kamili

Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza herufi au kibao cha metali kwenye kompyuta kwa kawaida huanza kwa kuchagua rangi ya kijivu, kisha hupaka gradienti laini kutoka kijivu cheupe hadi kijivu cheusi, na mwisho huongeza nukta nyeupe pembeni akitarajia kwamba nukta hiyo ndiyo italeta mng'aro. Anachopata ni plastiki. Mkono wake hauna kosa. Kosa limo katika swali alilojiuliza. Aliuliza metali ina rangi gani, ilhali alipaswa kuuliza metali hiyo inatazamana na nini.

Nuru inapoangukia plastiki kutoka mbele, kiasi cha asilimia 4 tu huakisiwa usoni. Sehemu kubwa ya iliyobaki huingia ndani, hutawanyika huko, kisha hutoka ikiwa imebeba rangi ya kitu chenyewe. Metali haina hatua hiyo ya pili. Nuru ambayo haikuakisiwa palepale usoni humezwa na kugeuka joto, kwa hiyo kila tunachokiona juu ya metali safi ni taswira ya vitu vingine, iwe kali kama ya kioo au iliyovurugwa na mikwaruzo. Fedha iliyong'arishwa huakisi zaidi ya asilimia 90 ya sehemu kubwa ya nuru tunayoiona, alumini hukaribia kiwango hicho, na chuma huakisi zaidi kidogo ya nusu. Kutokana na hayo, metali huwa na weusi mzito na weupe mkali vikikaa bega kwa bega, kwa sababu dirisha linaweza kupakana na ukuta wenye giza ndani ya taswira ileile. Pia, mng'aro wa metali yenye rangi huchukua rangi ya metali hiyo: nukta ya nuru kwenye plastiki ya manjano ni nyeupe, lakini kwenye dhahabu ni ya manjano hafifu. Mambo hayo mawili yakizingatiwa, nusu ya kazi imekwisha.

Maelezo yanayofuata hayategemei programu moja. Photoshop, GIMP na Krita zote zina leya (tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine), maski (kinachoficha sehemu za leya), ukungu wa Gauss (unaolainisha picha), chenga (vipunje vya nasibu), na zana ya mkunjo wa toni, yaani ile inayoonyesha mraba wenye mstari wa mshazari unaoweza kuvutwa. Majina ya menyu hutofautiana, kwa hivyo nitaeleza kila zana kwa kazi yake.

Maandalizi ya faili

Fungua faili yenye upana wa pikseli 3000 na urefu wa pikseli 2000, katika rangi za RGB (nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa chaneli yake), na uchague kina cha biti 16 kwa kila chaneli badala ya biti 8. Sharti hili la biti 16 hupuuzwa mara nyingi, na kulipuuza ndiko kunakoharibu kromi nyingi, yaani metali zinazong'aa kama kioo. Biti 8 hutoa ngazi 256 tu za mwangaza. Hapa chini tutazivuta ngazi 15 za katikati mpaka zienee ngazi 220, maana yake kila ngazi moja itaruka takriban ngazi 15, na mahali palipotakiwa kuwa na mpito laini patatokea michirizi kama ramani ya milima. GIMP imekuwa na uwezo wa biti 16 na 32 tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Kwenye Photoshop, filta kadhaa za kisanii hazifanyi kazi katika biti 16, lakini hakuna hata moja kati ya hizo tutakayoihitaji.

Vipimo vyote vya ukungu nitakavyovitaja vinafaa faili ya ukubwa huo. Ukitumia faili yenye nusu ya upana, gawa vipimo kwa mbili.

Kubuni mazingira kabla ya metali

Kabla ya kugusa herufi yoyote, amua metali yako imesimama wapi. Mazingira ya zamani na mepesi kuliko yote ni uwanja wazi: juu kabisa kuna anga la buluu lililokolea, linalozidi kuwa jeupe kadiri linavyoshuka, kisha upeo wa macho, ambapo weupe unakatika ghafla na kuwa weusi, halafu ardhi ya kahawia inayopata mwanga polepole kuelekea chini. Wachoraji wa brashi ya hewa waliipaka kromi ya aina hii kwenye mabango na majalada kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia katika kazi hiyo, na anayetaka kuona metali inaweza kujengwa kwa mkono hadi kiwango gani atazame roboti za kromi za Mjapani Hajime Sorayama. Mazingira ya pili yanayofaa ni studio: giza pande zote, pamoja na taa mbili au tatu pana za mstatili zinazoacha mistari mipana yenye kingo kali. Uwanja hufaa maandishi yanayotakiwa kuvutia macho. Studio hufaa bidhaa, vifaa na vito.

Chora mazingira hayo kwenye leya ndogo pembeni, kama ukanda wa wima usiozidi pikseli 200 kwa upana. Hautaonekana katika picha ya mwisho, lakini utaurejea katika kila uamuzi unaofuata.

Herufi za kromi

Andika neno lako kwa fonti nene, kwa rangi nyeupe juu ya leya nyeusi. Fonti nyembamba hazina nafasi ya kubeba taswira, na herufi yenye shina chini ya pikseli 60 haitaonyesha chochote zaidi ya mistari miwili. Hifadhi umbo la herufi kama uteuzi (eneo lililochaguliwa) au chaneli, kwa kuwa utalihitaji kama maski mara kadhaa.

Sasa tengeneza ramani ya kimo, yaani picha ya kijivu ambamo weupe ni mwinuko na weusi ni bonde. Nakili leya ya herufi na uitie ukungu wa Gauss wa pikseli 40 huku uteuzi wa herufi ukiwa umewashwa, ili weupe usivuje nje ya umbo. Rudia juu ya matokeo hayohayo kwa pikseli 20, kisha 10, kisha 5. Ukungu mpana huinua tumbo la herufi, na ukungu mwembamba hulainisha bega lililo karibu na ukingo. Ukitumia mmoja tu, herufi hutoka ama kama mto uliovimba au kama kigae chenye ukingo uliokatwa. Hapa inafaa kufanya subira na kujaribu, kwani ubora wa kromi nzima umo katika ramani hii kuliko katika hatua nyingine yoyote.

Tumia kisha filta ya embosi juu ya ramani hiyo, ile inayoigeuza picha kuwa ya kijivu yenye nyuso zilizoinuka, na uelekeze nuru itoke juu kabisa, yaani pembe ya digrii 90. Kilichofanyika ni kwamba kimo kimegeuzwa kuwa mwelekeo: sehemu inayotazama juu imekuwa nyeupe, inayotazama chini imekuwa nyeusi, na inayotazamana nasi imebaki kijivu cha kati, karibu na ngazi ya 128. Kama mabega ya juu ya herufi yametoka meusi, programu yako inahesabu pembe kinyume, basi igeuze. Ukiona vijiwimbi vidogo usivyovitaka, tia ukungu wa pikseli 2 au 3.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa mbinu hii, na inasikitisha kuona jinsi miongozo mingi inavyoitoa kama uchawi: wanamwambia msomaji apinde mkunjo wa toni kama mawimbi, bila kumweleza kwa nini. Sababu ni hii. Kwa vile kila ngazi ya kijivu sasa inawakilisha mwelekeo wa uso, mkunjo wa toni unageuka kuwa orodha ya kile ambacho kila mwelekeo unakiona. Mhimili wa chini unauliza, "Uso huu unatazama wapi?" na mhimili wa wima unajibu, "Huko kuna mwangaza kiasi gani?" Hivyo mkunjo ni ule ukanda wako wa mazingira, uliolazwa ubavu.

Kwa mazingira ya uwanja, weka nukta zifuatazo, namba ya kwanza ikiwa ngazi inayoingia na ya pili inayotoka: 0 iende 150, 60 iende 95, 105 iende 15, 120 iende 235, 160 iende 255, na 255 iende 100. Ukisoma kutoka kulia, anga la juu lina giza la wastani, linazidi kung'aa hadi ngazi ya 160, kisha kati ya 120 na 105 mwangaza unaporomoka hadi karibu na weusi, na huo ndio upeo wa macho. Baada ya hapo ardhi inapata nuru taratibu. Upeo wa macho nimeuweka kwa makusudi chini kidogo ya 128. Sehemu bapa za herufi zote zimekusanyika kwenye 128, na upeo ukiwekwa hapohapo, chenga ndogo kabisa itazifanya zipepesuke kati ya weusi na weupe. Pima sehemu bapa kwa zana ya kudondoa rangi kabla ya kuamini namba zangu, kwa sababu baadhi ya programu huipa embosi kijivu cha kati tofauti kulingana na urefu wa nuru uliochaguliwa.

Kwa mazingira ya studio, shusha mkunjo wote uwe kati ya 10 na 50, kisha inua vilima viwili vyembamba vyenye kuta kali, kimoja karibu na 190 na kingine karibu na 70, kila kimoja kikifika 250. Kilima cha pili kiwe chembamba kuliko cha kwanza. Taa zenye ukubwa sawa huonekana za kubuni mara moja.

Fanya mabadiliko haya kwenye leya ya marekebisho, au kwa filta isiyoharibu picha ya msingi, jambo ambalo GIMP nayo imeliwezesha tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025. Utarudi kuvuta nukta hizi mara nyingi. Mwisho weka maski ya umbo la herufi ili kingo zikatike safi.

Tatizo moja linabaki: embosi inajua juu na chini tu, haijui kulia na kushoto, kwa hiyo nguzo za wima za herufi kama "H" au "I" hutoka bila uhai. Nakili ramani ya kimo, itie embosi nyingine yenye nuru kutoka digrii 0, uipe mkunjo wa studio, kisha uiweke juu ya ile ya kwanza katika hali ya mchanganyiko inayong'arisha tu, yaani ile ambayo weusi hauonekani na weupe hubaki, ikionekana kwa asilimia 35 tu hivi. Ghafla nguzo zinapata mistari ya wima, na jicho linaridhika.

Wapo wanaopendelea kutumia picha halisi ya mandhari badala ya mkunjo. Hilo linawezekana kwa filta ya kusogeza pikseli, ambayo huchukua ramani na kuivuta picha kulingana nayo: ngazi ya 128 haisogezi kitu, chaneli ya kwanza ya ramani husogeza kwa mlalo, na ya pili kwa wima. Tia mandhari ukungu wa pikseli 10 kwanza, maana maelezo madogo ndani ya taswira huisumbua herufi. Matokeo yake ni mazuri, ila hayaongozeki kwa urahisi. Mimi hubaki na mkunjo.

Rangi: kutoka kromi hadi dhahabu

Kromi iliyo kijivu kitupu ina ubaridi wa mashine. Ongeza leya yenye hali ya kubadilisha rangi bila kugusa mwangaza, paka buluu hafifu kwenye sehemu za anga na kahawia hafifu kwenye sehemu za ardhi, kisha ifanye leya hiyo iwe hafifu mpaka rangi isikike zaidi kuliko inavyoonekana.

Dhahabu haipatikani kwa kumwagia manjano juu ya kijivu. Njia sahihi ni ramani ya gradienti, zana inayobadilisha kila ngazi ya mwangaza kuwa rangi uliyoichagua. Anza na msimbo wa rangi #1E0F02 kwenye weusi, halafu #7A4A12 kwenye asilimia 35, #D9A23A kwenye 65, #FFE29B kwenye 90, na #FFF9E6 kwenye 100. Angalia jinsi rangi inavyoelekea kwenye wekundu kadiri giza linavyoongezeka. Dhahabu humeza sehemu kubwa ya nuru ya buluu na kuakisi karibu yote iliyo nyekundu. Katika mikunjo na mashimo, nuru huruka kutoka uso hadi uso, na kila mruko unaondoa buluu nyingine, hivyo vivuli vya dhahabu huwa vya rangi ya chungwa na kahawia iliyoiva. Ukiviacha vivuli vikiwa vya kijivu au kijani, dhahabu inageuka bati lililopakwa rangi. Kwa shaba nyekundu tumia #2A0E08, #8A4630, #D98C6A na #FAD0C0, kuanzia weusi kuelekea weupe. Fedha haihitaji zaidi ya joto kidogo kwenye weupe, na chuma hupata kijivu kisichopanda juu ya #C4C7C7 isipokuwa kwenye nukta za nuru.

Kibao kilichosuguliwa kwa msasa

Metali iliyosuguliwa huakisi mazingira kama kawaida, ila mikwaruzo yake myembamba huyavuruga kwa upande mmoja. Jaza leya kwa kijivu cha ngazi ya 140, ongeza chenga za aina ya Gauss zisizo na rangi kwa kiwango cha asilimia 50, kisha tia ukungu wa mwendo wenye pembe ya digrii 0 na urefu wa pikseli 250. Kingo za kushoto na kulia zitaharibika, kwa hiyo fanya kazi hii kwenye leya pana kuliko picha kisha ukate ziada. Rudia kwenye leya ya pili kwa urefu wa pikseli 40 na uichanganye kwa asilimia 40, kwani mikwaruzo ya kweli haina urefu mmoja.

Hapo ndipo watu wengi hukosea nuru. Kwenye uso uliosuguliwa kwa mlalo, mng'aro hunyooka kukata mikwaruzo, yaani huwa mkanda wa wima. Weka gradienti inayotoka kushoto kwenda kulia yenye mikanda miwili au mitatu ya mwanga isiyolingana upana, katika hali ya kufunika, ile inayong'arisha weupe na kukoleza weusi kwa pamoja. Kwa kitufe cha redio au kifuniko cha duara, mikwaruzo imezunguka, hivyo tumia ukungu wa mzunguko na gradienti ya koni, yaani inayozunguka kitovu, na mng'aro utakuwa mabawa mawili yanayotazamana kupitia katikati.

Kingo, kasoro na kivuli

Hakuna ukingo wa metali ulio mkali kabisa. Hata uliokatwa kwa mashine una mviringo mdogo, na mviringo huo huona pande nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo karibu kila mara hudaka taa mahali fulani. Zungushia umbo mstari wa pikseli 2 kwa ndani, uwe mweupe upande wa taa na mweusi upande wa pili, kisha ufute vipande kadhaa kwa brashi laini ili usiendelee bila kukatika. Mstari huu mdogo hufanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Mikwaruzo na alama za vidole ziwe chache na ziwekwe kwenye sehemu zenye mwanga. Kwenye weusi hazionekani, na mwandishi huyu anaamini kwamba maandishi mengi ya metali mtandaoni yangependeza zaidi bila kutu za kunakili. Nyota za mng'aro zenye miale minne nazo ziachwe. Badala yake, chukua sehemu zilizozidi ngazi ya 240, zinakili kwenye leya mpya, zitie ukungu wa pikseli 20, na uziweke katika hali ya kung'arisha kwa asilimia 25. Utapata mvuke wa nuru unaotokea kweli ndani ya lenzi.

Kivuli kinahitaji sehemu mbili: mstari mwembamba, mzito, pale metali inapogusa sakafu, na kivuli kipana chenye ukungu wa pikseli 60 au zaidi. Juu ya hivyo, metali hurudisha nuru kwenye sakafu, kwa hiyo doa hafifu la rangi ya dhahabu karibu na herufi za dhahabu huzikita mahali pake.

Kuiweka metali ndani ya picha iliyopigwa

Hapa mazingira hayabuniwi tena, kwa kuwa yapo tayari. Nakili picha yenyewe, itie ukungu wa pikseli 30 na uiweke ndani ya umbo la metali kwa asilimia 50 katika hali ya kufunika. Chukua rangi za anga na ardhi kutoka humo kwa zana ya kudondoa na uzitumie katika ramani ya gradienti. Kitu chochote kilicho karibu na metali lazima kionekane ndani yake, hata kama ni doa tu lenye rangi yake. Shati jekundu lililo kando ya birika ya fedha lisipoacha wekundu kwenye birika, mtazamaji atahisi uongo bila kujua umetoka wapi. Kumbuka pia kwamba nuru inapoteleza karibu na ukingo wa kitu cha mviringo, metali huakisi karibu yote na rangi yake hufifia kuelekea weupe, hivyo tufe la dhahabu huwa na rangi hafifu zaidi pembezoni. Malizia kwa kuongeza chenga zinazolingana na za picha, kwa kawaida asilimia 1 au 2.

Ukaguzi na kuhifadhi

Ondoa rangi zote kwa muda. Metali iliyojengwa vizuri bado itasomeka kuwa metali katika weusi na weupe, na histogramu yake, yaani grafu ya mgawanyo wa mwangaza, itakuwa na vilima kwenye ncha zote mbili. Kilima kimoja cha katikati kina maana kwamba mkunjo bado ni mlegevu. Kisha punguza ukubwa wa picha kwenye skrini hadi asilimia 15: ikiwa herufi hazisomeki, upeo wa macho umekata katikati ya mashina na unapaswa kusogezwa juu au chini.

Ukiridhika, hifadhi faili yenye leya zote katika biti 16, kisha tengeneza nakala, ongeza chenga za nusu asilimia ili kuzuia michirizi kwenye mipito laini, na uibadilishe iwe biti 8 katika rangi za sRGB. Tumia PNG kama mandharinyuma ni wazi au kama kingo ni kali sana. Ukilazimika kutumia JPEG, usishuke chini ya ubora wa 90, kwa sababu mahali weusi unapokutana na weupe ndipo mbano wa faili huacha alama zake kwanza.